Gari Lililosukumika Vizuri Mno

Mimi ndiye niliyekaa mwisho ndani ya gari la baba kabla halijagoma kuwaka. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimesema si mimi. Nimewasingizia watoto wa jirani, nimemsingizia dereva, na siku moja, mbele ya wifi yangu, nilimsingizia mbuzi.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nimerudi Bariadi kusubiri ajira ambazo serikali ilishaacha kuzigawa. Baba alikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Wanunuzi binafsi walipoingia na malori yao, kiwanda kikabaki na walinzi na popo, naye akapunguzwa. Akauza ng'ombe wake wote isipokuwa mmoja wa maziwa, akanunua Mwanza gari dogo jeupe, mtumba wa Japani, liwe teksi. Ndugu zake walimwona amerukwa na akili. Mdogo wake, baba mdogo wa Sapiwi, alimwambia waziwazi, "Kaka, hilo halizai."

Dereva wa muuzaji alilileta Jumamosi, akaliegesha kwenye mteremko juu ya zizi, akawahi basi la kurudi. Jumapili, wenzangu wakiwa kanisani, nikachukua ufunguo niende kusikiliza redio ya gari. Nilikaa kwenye usukani kama bosi, nikikanyaga breki bila sababu. Kisha nikautazama ule mteremko. Pale kwetu gari halikuachwa hivihivi. Breki za mkono zilikuwa za mapambo tu, kwa hiyo dereva aliacha gia ndani na kuweka jiwe chini ya gurudumu. Jiwe lilikuwepo. Gia niliikuta kwenye herufi P, ambayo haikunitia imani. Nikaivuta hadi kwenye 2, namba nzito, nikarudisha ufunguo msumarini na kujisifu kwa uangalifu wangu.

Jumatatu akaja dereva aliyeajiriwa na baba, mzee aliyeendesha lori la kiwanda maisha yake yote na kulitengeneza mwenyewe. Alichungulia chini ya usukani.

"Karani, mbona klachi wameiiba?"

"Ni otomatiki," nikasema. Neno hilo lilikuwa ndiyo elimu yangu yote ya magari.

Akazungusha ufunguo. Kimya. Hata tik haikusikika. Lakini taa ziliwaka kali, honi ikalia hadi kuku wakatawanyika. Betri ikapelekwa sokoni kuchajiwa, ikarudi imejaa, kimya kikawa kilekile. Mzee akasugua vichwa vya betri, akakagua fyuzi, akafungua stata, akaiweka chini na kuiunganisha na betri moja kwa moja. Ikazunguka kama cherehani.

"Betri nzima, stata nzima," akasema. "Umeme unakatikia njiani."

Hapo nikatoa hotuba kuhusu mzunguko wa umeme. Nilisomea historia.

"Binti," mzee akaniambia kwa upole, "shika hii spana."

Akairudisha stata. Jumanne wakalisukuma gari, wanaume sita, hadi kisimani na kurudi. Halikuwaka, ila liliteleza vizuri ajabu. Baba mdogo, aliyekuja kushuhudia, akasema, "Angalau kama mkokoteni linafaa."

"Gia je?" baba akauliza.

"Gia iko huru," mzee akajibu. "Ingekuwa imeingia, tungelisukuma hivi?"

Kwa lori lake, jibu hilo lilikuwa sahihi kabisa. Nilijua nimeigusa gia, lakini gari lililosukumika kirahisi namna ile lilionekana kunisafisha.

Jumatano mchana baba mdogo akarudi na mfugaji kutoka Mwanhuzi, wilayani Meatu, mtu mrefu mwenye simu ya mkononi kwenye kifuko cha ngozi kiunoni. Alikuwa tayari kulichukua gari lilivyo, alivute kwa trekta, na baba apewe ng'ombe, japo si wengi kama wale aliowauza. Baba alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akanigeukia.

"Ng'wana wane, mwanangu, wewe umesoma. Sema. Nilitoe?"

Sijawahi kumwona mtu akitegemea shahada yangu kiasi kile, kabla wala baada.

Aliyeniokoa ni mfugaji mwenyewe. Alifungua kifuko, akanipa simu. "Mpigieni muuzaji kwanza. Sitaki kesho mseme mtu wa Meatu kawadhulumu."

Baba mdogo akamtazama kama mtu anayemfungulia fisi zizi.

Mtandao ulipatikana juu ya kichuguu tu, nyuma ya zizi. Nikapanda na risiti ya muuzaji mkononi, nikapiga namba iliyokuwa juu yake, nikaeleza taa, honi, stata, kusukuma.

"Mmelisukuma?" muuzaji akauliza. "Likaenda?"

"Likaenda vizuri."

"Basi haliko kwenye P. Likiwa P haliendi popote. Na likiwa nje ya P au N haliwaki, limetengenezwa hivyo. Gia iko wapi?"

Nikapaza sauti kuuliza, ingawa nilijua. Baba alikuwa ameshaingia garini. Aliweka miwani yake ya mizani, akainama, akasoma polepole kama anayesoma uzito wa robota la pamba.

"Iko kwenye mbili."

"Mwambie akanyage breki, asukume hadi P, awashe."

Nikarudia maneno hayo. Injini ikaunguruma, nyepesi, karibu ya aibu. Mzee wa lori akavua kofia. Mfugaji akacheka, akamshika baba mkono kupitia dirisha, akasema, "Siku ukija Mwanhuzi, abiria wako wa kurudi ni mimi." Baba hakushuka. Alibaki ameshika usukani ambao hakujua kuutumia.

"Nimelisikia," muuzaji akasema sikioni mwangu. "Lakini dereva wangu huacha P siku zote. Nani aliitoa?"

Nikamwambia mtandao unakatika.