Jirani Aliyekuja Mikono Mitupu

Niliwahi kumchukia mwanamke mmoja kwa sababu alikuwa anamsalimia mama yangu vizuri. Naandika hivyo bila kupamba, maana nikianza kupamba nitajikuta najitetea.

Ilikuwa likizo ya Juni, mwaka mmoja baada ya mama kupata kiharusi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huko Uyole, Mbeya. Mama anaishi Igowole, katika nyumba ileile aliyotulelea, pamoja na mdogo wangu wa kiume na mkewe. Kiharusi kilimwachia mkono wa kulia mzito na ulimi mzito zaidi. Akili yake iko vilevile, ila maneno yanachelewa. Ukimuuliza kitu unaona kabisa jibu likipanda kutoka mbali, likisimama kupumzika, ndipo linafika.

Nilikwenda na begi lililojaa. Blanketi zito, sweta mbili, soksi za sufu, dawa ya kuchua, unga wa ulezi nilioupepeta mwenyewe. Nilikwenda pia na mpango: likizo ikiisha, mama naondoka naye, anakuja kukaa kwangu Uyole. Mdogo wangu nilishamweleza kwa simu, akakubali. Mzee wa kanisa naye nilishamweleza. Walimu wenzangu walijua hadi chumba atakacholala.

Asubuhi ya kwanza, ukungu ukiwa bado mzito juu ya mabua ya mahindi, akaja jirani. Ni mjane wa rika langu. Alikuwa na jembe begani, anaelekea bondeni kwenye kinyungu chake, kile kishamba tunacholima kiangazi kwa unyevu wa ardhi. Akaegemeza jembe ukutani, akapenya pazia la mlango, akachuchumaa mbele ya kiti cha mama.

"Kamwene, mama."

"Ka... mwene."

Salamu hiyo ya kwetu ikishaitikiwa, akamuuliza ameamkaje. Mama akaanza kulitafuta jibu, nami nikajibu kutoka jikoni: "Kaamka salama, uji kashakunywa."

Yule mwanamke hakugeuka. Aliendelea kumtazama mama usoni, katulia, mpaka mama akasema mwenyewe kwamba mguu ulimsumbua usiku. Akauliza habari za kuku. Akauliza habari za shamba, shamba ambalo mama hajalikanyaga mwaka mzima. Salamu za kwetu ni ndefu, hilo nalijua, lakini hii ilichukua muda ambao mimi ningeshasahihisha madaftari ya safu nzima. Kila swali alilisubiri hadi likajibiwa. Kisha mama, kama desturi inavyotaka, akamrudishia: na wewe je, umeamkaje? Akaelezwa kwa kirefu habari za fuko anayemaliza viazi, na jinsi mtego ulivyonasa kandambili ya mwenye mtego. Mama akacheka. Mama yangu, ambaye kwangu alikuwa amefika kwenye "ndiyo" na "hapana" tu, alicheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wake mzima.

Mimi nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi. Wivu ulinishika palepale. Nimesafiri na begi zito, yeye kaja mikono mitupu, halafu ndiye anayechekewa.

Akaja kesho yake na keshokutwa. Nikaanza kumtafutia kasoro. Nikasema moyoni anajipendekeza. Nikasema anatafuta sifa kwa akina mama wa kanisani, ambao walikuwa wameshanipa changu Jumapili ya kwanza: mmoja alinishika mkono kwa upole kabisa akasema, "Fimbo ya mbali haiui nyoka, mwalimu." Nikatabasamu. Nilirudi nyumbani nikamkanda mama mguu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, nikamvalisha sweta mpya, nikamlisha, nikamwambia yupo vizuri sana leo. Nilimpenda mama yangu kama ninavyofundisha: watoto wengi, vipindi vifupi, aliyechelewa kujibu namsaidia jibu twende mbele.

Na nikiri jambo jingine. Mpango wa Uyole, ambao mwanzoni ulikuwa wa kumtunza mama, kufikia wiki ya pili ulikuwa umegeuka kuwa wa kumnyang'anya yule mwanamke. Nilikuwa nikimwaza asubuhi anakuja na jembe lake, anakuta kiti kitupu. Wazo hilo lilinipa raha, na aibu ilifuata nyuma kidogo.

Alhamisi moja nilimsikia akikohoa njiani. Nikatoka haraka, nikamkuta kabla hajafika mlangoni, nikasimama katikati ya njia.

"Mama amelala," nikamwambia.

Mama hakuwa amelala. Alikuwa kwenye kiti chake, nyuma ya pazia, hatua tano kutoka pale.

Yule mwanamke alitazama pazia, akanitazama mimi. "Haya, dada. Akiamka umsalimie."

Akaenda zake. Nilirudi ndani nikijihisi mshindi, nikachukua bakuli la uji, nikapeleka kijiko mdomoni kwa mama. Hakufungua mdomo. Nikajaribu tena. Aligeuza uso ukutani. Mchana akakataa ugali, akakataa maji. Mke wa mdogo wangu alinitazama, akaona afadhali akakusanye kuni.

Alasiri nilikuwa nimechoka kubembeleza, nikakaa chini kwenye mkeka. Ndipo jibu la mama, lililokuwa likipanda tangu asubuhi, likafika.

"Sija... lala."

Nikasema najua, mama, nisamehe. Akainua mkono wake mzima kunizuia, maana nilikuwa namkatiza hata kwenye kosa langu.

"Yule," akasema, akapumzika. "Yule ananiuliza. Wewe... unanijibia."

Niliposikia hivyo niliumia, na nilimwonea yule mwanamke wivu zaidi kuliko siku zote. Nilivaa kandambili nikateremka bondeni. Nilimkuta ameinama kwenye matuta, tope hadi kwenye magoti. Nikamwambia ukweli mara moja kabla sijabadili mawazo: mama hakuwa amelala, nilikudanganya.

"Nilijua," akasema. "Niliona miguu yake chini ya pazia."

"Sasa mbona hukusema?"

Akasafisha jembe kwa kijiti, wala hakuharakisha. "Ningesema nini, dada? Uaibike mbele ya mama yako? Umesafiri kuja kumwona."

Hata hapo nilipaswa kushukuru, lakini roho iliniuma upya. Kumbe asubuhi ile alikuwa amenihurumia mimi. Nilimwonea wivu kwa hilo pia, kwamba linamjia kwa urahisi vile, wakati mimi nililazimika kushuka mlima mzima ili niseme neno la kweli. Nikamwomba aje kesho kama kawaida. Akasema kesho atakuja jioni, asubuhi anapeleka viazi sokoni.

Kwa hiyo asubuhi iliyofuata hakukuwa na mtu wa kumsalimia mama kwa kirefu vile ila mimi. Nilibandika uji, nikaingia, nikachuchumaa mbele ya kiti kama nilivyofundishwa utotoni na kuacha nilipopata ajira. Nikamwambia kamwene. Nikamuuliza ameamkaje, nikaubana ulimi kwa meno.

Akajibu. Mguu nafuu. Nikamuuliza habari za kuku, akaniambia kuna jike linatagia kwenye kapu la nguo zangu, jambo ambalo siku zote hizo sikulijua. Kisha nikamuuliza lile nililokuwa nimeuliza watu wote isipokuwa yeye.

"Mama, unataka twende Uyole?"

Akaanza kulitafuta jibu. Mara tatu nilifungua mdomo nimweleze habari za hospitali iliyo karibu na chumba chenye dirisha la jua, mara tatu nikaufunga.

"Nibaki," akasema. "Hapa."

Nilitazama sakafu. Nilikuwa nimeshindwa, na nilijua aliyeshinda ni nani, hata kama mwenyewe hakuwahi kujua kwamba tunashindana. Nilitaka kunyanyuka niende jikoni nikalie huko. Lakini mama alikuwa bado hajamaliza, mdomo wake ulikuwa ukitafuta.

"Na wewe?" akasema. "Umeamkaje?"

"Salama, mama," nikajibu, kama ninavyojibu kila mtu.

Alinitazama usoni, katulia, akasubiri. Sijui nani mwingine amewahi kunisubiri hivyo tangu mume wangu afariki na watoto waende zao.

"Siyo salama, mama," nikasema. "Nyumba ile nakaa peke yangu. Jioni nikirudi naogopa kufungua mlango."

Akaweka mkono wake mzima juu ya kichwa changu, akaniuliza habari za jioni hizo, moja moja. Uji uliungua kabla sijamaliza kumjibu.