Mihogo Iliyonuka Mazutu

Kwa miaka ishirini Mama Kabange ameloweka mihogo katika shimo lake kando ya kijito, nje kidogo ya Kamina. Siku tatu majini, uchungu unatoka; kisha anaianika na kuitwanga iwe unga wa bukari, ugali wa kwao.

Mwaka huu kampuni ya barabara iliweka mashine zake upande wa juu wa kijito. Mwanawe Guylain akapata kazi ya kuziosha, na wafanyakazi wakawa wateja wa mama yake. Alimshukuru Mungu kwa yote mawili.

Leo alipoitoa mihogo, vidole vyake viliteleza. Akanusa: mazutu, dizeli ya mashine. Bukari ya jana ilitoka shimo hilohilo, na wajukuu waliimaliza yote.

Akamwita Guylain, aliyeshuka kutoka kwenye mashine na ndoo mkononi.

"Maji munasafishaka nayo mashini inaendaka wapi?"

"Mama, nyamaza. Chef akisikia, batanifukuza. Barabara njo bukari yetu sasa!"

"Basi kula hii."

Guylain akacheka, akaupeleka muhogo mdomoni kama mtu anayemtania mtoto. Harufu ikamfikia. Kicheko kikakatika.

"Batoto balikula?" aliuliza polepole.

Mama yake alifunga muhogo mmoja ndani ya kitenge, akaanza kupanda kuelekea kwa chef, bosi wa kazi ya barabara. Aliogopa kazi ya mwanawe ipotee. Aliogopa zaidi kurudi nyumbani akute mtoto anashika tumbo.

"Mama, rudi!"

Hakurudi. Nyuma yake akasikia ndoo ikiwekwa chini, kisha hatua za Guylain zikimfuata hadi kando yake.