Moto wa Saa Saba Mchana

Shuleni Nachingwea tulikuwa na mwalimu wa Kiingereza, mrefu, mpenda chai, ambaye siku moja alitujazia ubao maneno ya kueleza kwamba kitu fulani kimefanya kingine kitokee. La kwanza lilikuwa "cause". Chini yake wakapangwa ndugu zake wote, wa kuleta, wa kuzaa, wa kuchochea, wa kuanzisha. Tukamwuliza yana tofauti gani, maana sisi kwetu yote tuliona ni kusababisha tu.

Akaweka chaki mezani. "Hili la juu ni neno la kesi," akasema. "Mtu husababisha ajali, husababisha hasara. Mmeshasikia mtu kasababisha harusi?"

Mwenzetu mmoja wa nyuma akasema kwao Chiola amesikia, na bwana harusi alikamatiwa Masasi akiwa na begi. Tulicheka mpaka kengele ikalia.

Daftari lile lilinipotea zamani, kama vilivyonipotea vitu vingi. Nimekaa Tunduru, nikakaa Songea, nikauza viatu vya mtumba Ifakara, nikarudi Tunduru. Kila mwaka, ukifika msimu wa mikorosho kutoa maua, huko niliko naanza kuota nyumbani. Nikirudi, wiki ya pili miguu inawasha.

Miaka michache iliyopita nilifikia kwa dada yangu mkubwa, aliyeolewa Mbwemkuru. Alinipokea kwa ugali na fagio. Korosho zikikaribia kuanguka lazima chini ya miti pawe peupe, usije ukaokota majani ukaacha mali, kwa hiyo nilifagia siku tatu na kukusanya marundo. Kuchoma ndiyo kazi ya mwisho, na kila mtu kule anajua namna yake: unamwambia jirani kwanza, unangoja alasiri upepo utulie, unakaa kando ya moto na tawi bichi na ndoo ya maji.

Mimi nilichoma saa saba mchana. Nilitaka kuwahi Ruangwa mjini kutazama mpira.

Upepo ulipokuja, rundo likainuka kama limeitwa, likavuka mpaka. Tulipouzima moto, mikorosho miwili ya jirani ilikuwa imeungua na maua yake. Jirani mwenyewe alikuwa mama mjane, mtu mzima sana, na mikorosho yote aliyokuwa nayo ni tisa. Alizunguka ile miti miwili, akaigusa magome, akaenda zake.

Asubuhi tulikuta tawi la miiba limelazwa kwenye njia ya kwenda kisimani. Njia ilipita shambani kwake, na dada yangu alikuwa ameipita tangu alipoletwa pale akiwa bibi harusi.

"Umekuja juzi tu, mdogo wangu," dada akaniambia, ndoo bado kichwani. "Mimi nimekaa naye miaka yote hii hatujawahi kununiana. Wewe utaondoka. Mimi nitachota maji wapi?"

Mwenyekiti wa kitongoji akataka niandike maelezo, yasomwe mbele ya yule mama Ijumaa baada ya swala. Hapo nikafurahi kidogo, lazima niseme ukweli. Kuandika ninakuweza. Nilikaa na kalamu jioni nzima, maneno ya ubao ule yakanirudia moja moja, na lile la juu nikalikwepa kama shimo. Niliandika kwamba kufuatia upepo mkali uliojitokeza, hali hiyo ilichangia moto kuvuka mpaka na kuleta athari kwa baadhi ya mikorosho. Nikasoma mara mbili. Ilipendeza.

Ijumaa tulikaa uani kwa yule mama. Msomaji alikuwa binti wa dada yangu, aliyekuwa kidato cha nne, maana mama alishasema Kiswahili chake ni cha sokoni, atafasiriwa kwa Kimwera. Binti akasoma. Alipofika kwenye kufasiri akakwama, akanitazama.

"Mjomba, hapa wewe uko wapi?"

"Fasiri kama ilivyo."

Akafasiri. Yule mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa Kiswahili, taratibu, ili nisikose hata neno.

"Huyo upepo ni mtoto wa nani? Mwiteni, aje tuongee naye."

Mwenyekiti akainamia viatu vyake, mabega yakimtikisika. Dada hakucheka. Alikuwa akitazama upande wa njia ya kisimani.

Nikaichukua ile karatasi kwa binti, nikaikunja. "Mama," nikasema, "mimi ndiye niliyechoma. Saa saba mchana, bila kukwambia, kwa haraka ya mpira. Nimekuunguzia mikorosho miwili."

Hayo hayakuhitaji kufasiriwa.

"Sasa nimesikia," akasema. "Unaondoka lini?"

"Kesho, mama." Nilikuwa nimeshaulizia basi.

"Korosho zangu zinaanza kuanguka mwezi wa kumi." Alisema hivyo tu, kama anayekujulisha saa. "Ile saba iliyobaki haijafagiwa."

Jumamosi basi liliondoka bila mimi. Nilipokwenda kwake na fagio, lile tawi la miiba halikuwa tena njiani. Lilikuwa limekatwakatwa kando ya mafiga, na chungu kikichemka juu yake. Dada akapita na ndoo, akamwamkia, akaitikiwa.

Nilifagia mpaka msimu, miguu ikiniwasha kila siku. Kiberiti alikaa nacho yule mama, kakifunga kwenye pindo la kanga. Alasiri, upepo ukishatulia, alikuja mwenyewe, akatazama rundo, akatazama vilele vya miti, akaangalia kama ndoo ina maji. Ndipo aliponipa njiti, moja.