Ampli Mgongoni mwa Mama

Tulipokimbia Mudzipela, mtaa wetu wa Bunia, mara ya pili, mama aliifunga ampli ya koro, mashine ya kukuzia sauti ya kwaya yetu ya kanisani, mgongoni kwa kitenge, akaifunika kama mtoto mchanga. Kwenye kizuizi, vijana wenye bunduki walichukua bafle zetu mbili, masanduku ya spika, kutoka kwenye baiskeli yangu. Mmoja alichungulia mgongo wa mama.

"Mutoto analala? Pita, mama."

Hivyo baadaye tulirudi Bunia na ampli isiyo na spika. Mama aliamini kwamba Mungu ndiye aliyemfumba macho kijana yule. Mimi niliamini kwamba kijana alikuwa amechoka.

Nilikuwa nimesoma fizikia chuo kikuu Kisangani hadi barabara ilipofungwa, nikarudi na gitaa, mita ya kupimia umeme na tabia ya kutoamini kitu. Vita viliniongezea sababu. Kila kilichouzwa sokoni kilikuwa mali ya mtu aliyeporwa: viti, milango, hata mabati yenye matundu ya misumari ya nyumba nyingine.

Basi Jumamosi moja fundi wa redio, aliyekuwa akisali nasi, alipotuletea kanisani bafle mbili zilizopakwa rangi nyeusi, bado mbichi, nilizunguka nyuma ya bafle kusoma vibandiko kabla hata ya kumsalimu. Om nane kila moja.

"Kesho koro italia," alisema. "Nafunga zote mbili sambamba, zinafanya quatre. Ampli yenu inaandikwa isishuke chini ya quatre. Mambo kwisha."

Hesabu yake ilikuwa sahihi: nane mbili sambamba huwa nne. Hilo ndilo lililoniudhi.

"Zimetoka wapi?"

"Kwa watu."

"Watu gani?"

"Weye unaulizaka sawa mutu ya barrière, wale ya bunduki!"

Mama alicheka. Nikatoa mita.

"Unapima nini tena? Si inaandikwa?"

"Inaandikwa ku boksi. Miye napima kile kiko mu boksi."

Mita husoma pungufu kidogo: spika ya om nane ingeonyesha sita hivi. Ya kwanza ilionyesha tatu na kitu. Ya pili vilevile. Niliona furaha mbaya, ile ya kumkamata mwongo.

"Fungua."

"Unanifanya mwizi mbele ya mama yako?"

"Fungua tu, baba," mama akamwambia. "Huyu bila kuona hatalala."

Fundi alipolegeza skrubu, harufu ya samaki wa moshi wa Tchomia, kule ziwani, ikatoka ndani. Akaeleza bila kunitazama. Wakati wa kukimbia, watu wake waliacha masanduku ya spika kwa kuwa ni mazito, wakachomoa spika na kuzificha ndani ya magunia ya samaki. Nyingine zilipotea, nyingine, za gari, zikaingia humo humo. Yeye alizirudisha kwenye masanduku kwa kuangalia ukubwa wa tundu tu.

"Ikienea mu tundu, nasema ni yake."

Labda. Lakini rangi mpya ilikuwa inafunika nini? Sikuuliza, kwa sababu ampli ndiyo iliyokuwa hatarini. Spika zile zilikuwa za om nne. Kuzifunga sambamba kungeleta mbili. Ampli ingesukuma umeme kupita uwezo wake mpaka iungue, na Bunia nzima hakukuwa na transista ya kuifufua. Nikazifunga kwa kufuatana, waya wa kutoka kwenye ya kwanza ukiingia ya pili. Nane. Sauti ingepungua kidogo, ampli ingeishi.

"Eh, université," fundi akasema. "Njo vile tu?"

Tuliwasha jenereta ya parokia. Nikapiga gitaa. Mama, ambaye ndiye kiongozi wa koro, hakuimba. Aliweka kiganja nyuma ya ampli kama mtu anayepima homa, akakiacha hapo nyimbo tatu nzima. Fundi alikuwa akitazama mlango.

"Iko moto?" nilimuuliza mama.

"Iko na joto ya mutoto mwenye kulala." Kisha akashusha sauti. "Sasa acha kumuangalia baba wa watu vile."

Nikaanza wimbo wa nne. Mama akaondoa mkono, akaimba. Mimi sikuacha kumwangalia fundi.