Anataka kuonyeshwa kaburi langu, na mimi ni mzima

Assalaam aleikum admin na wote mnaosoma ukurasa huu. Jina langu lifiche, na jina la wimbo nitakaouzungumzia silitaji, maana mkilijua hilo tu mtakuwa mmeshanijua. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na nne, mjane, naishi Mingoyo huku Lindi. Nauza chai na vitumbua pale njia panda. Mtoto ninaye mmoja wa kike, kaolewa Masasi, kwa hiyo nyumbani tupo wawili tu, mimi na kaka yangu mkubwa aliyepooza upande mmoja. Namlisha, namwogesha, na siku nyingine tunalala hatujasemezana zaidi ya salamu.

Nikiwa na miaka kumi na tisa nilikuwa Temeke kwa mama mdogo, najifunza cherehani. Wakati huo bongo fleva ndiyo inapamba moto, kila kijana mtaani ana daftari la mashairi. Jirani yetu mmoja, nitamwita S, alikuwa na wimbo wake, na binti aliyetakiwa kuimba kiitikio hakutokea siku ya kurekodi. S alishawahi kunisikia nikiimba wakati naanua nguo. Akaja mlangoni, "Dada, nisaidie, ni dakika kumi tu." Studio yenyewe ilikuwa chumba cha uani, magodoro yamegongomelewa ukutani, na friji ya mwenye nyumba ilibidi izimwe kwanza kwa sababu inanguruma. Hazikuwa dakika kumi. Tuliingia baada ya adhuhuri, tukatoka magharibi inaadhiniwa.

Miezi michache baadaye wimbo ukakamata namba moja kwenye kumi bora ya redio, ukakaa hapo wiki baada ya wiki. Kwenye kaseti jina langu halikuwepo. Mwenyewe nilimwomba S asiliandike, kwa kumwogopa kaka. Baba alishafariki, kaka ndiye aliyekuwa mlezi wetu. Lakini sauti ya mtu uliyemlea huijui? Kaka alinisikia kwenye redio ya dukani, kesho yake akapanda basi kuja kunichukua. Sikupata hata nafasi ya kumuaga S, ambaye, nisiwafiche, tulishaanza kupendana naye. Mwaka haukuisha nikaozwa kwa mvuvi wa kijiji cha Sudi. Alikuwa mtu mwema, sitamsema vibaya. Ila habari ya wimbo ule nilimficha mpaka anafariki. Ukipigwa harusini nilikuwa natoka nje kama nakwenda kuangalia sufuria.

Sasa mwaka huu nyimbo za wakati ule zimerudi. Asubuhi moja vijana wa bodaboda wanakunywa chai kwenye benchi langu, simu wameiweka spika, S anahojiwa redioni. Mtangazaji akamuuliza, yule dada wa kiitikio yuko wapi? S akasema, "Yule alishatangulia mbele ya haki, zamani sana. Nilifika mpaka kwao Lindi nikaambiwa ameshazikwa." Akawaomba wasikilizaji wanisomee Fatiha. Kijana mmoja akatikisa kichwa, "Dah, masikini, sauti kama ile!" Halafu akanigeukia, "Mama, niongeze vitumbua viwili." Nikamwongeza.

Nilipofunga biashara nikampigia mwanangu. "Mama, wewe? Uimbe bongo fleva?" Akacheka mpaka akakohoa. Nikamwimbia kile kiitikio kwenye simu. Sauti haikupanda, moshi wa kuni wa miaka yote hii umeimaliza. Akaacha kucheka, akasema kwa upole, kama anayesema na mgonjwa, "Mama, wiki ijayo nitakuja nikuone. Kukaa na mgonjwa peke yako huko si kuzuri." Upole ule uliniuma kuliko kicheko.

Jioni namlisha kaka uji, nikamweleza nilichosikia. Akaacha kumeza. Siku hizi maneno yanamtoka kwa shida, lakini haya aliyatoa yote. "Ni mimi. Alikuja na mshenga. Wewe una wiki tatu tu tangu uolewe. Niliona nikimwambia umeolewa atakufuata Sudi, nyumba yako ivunjike. Nikamwambia umekufa. Alilia pale barazani mpaka alasiri."

"Mbona hukuniambia, kaka?"

"Ningekwambia nini?" Akanishika kwa mkono wake mzima. "Mdogo wangu, ningoje nife kwanza, ndipo useme. Sina uso wa kumwangalia yule mtu."

Nikamfuta mdomo, nikaondoa bakuli. Sikulia, sijui kwa nini. Nilifungua ukurasa wa S mtandaoni nikakuta ameweka picha ya ile kaseti, na chini watu wasiohesabika wananiombea pepo. Nikaandika "Amin" kama wengine, nikatoka.

Juzi ndiyo nimechanganyikiwa zaidi. S ametangaza kwamba mwezi ujao anakuja Lindi mjini kuimba, na kabla ya kuimba anataka azuru kaburi langu. Ameomba ndugu wa marehemu wajitokeze wamwonyeshe. Ndugu wa marehemu waliopo huku ndio sisi wawili, mmoja hawezi kutembea na mwingine ni marehemu mwenyewe.

S ana mke na watoto, na mimi simtaki. Nataka tu mtu mmoja ajue kwamba ile sauti ilikuwa yangu na bado nipo. Nikijitokeza, kaka ataitwa mwongo mbele ya nchi nzima, na sidhani kama atamaliza mwezi. Nikinyamaza, S atasimama juu ya kaburi la mtu mwingine analitaja jina langu. Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Ila nawaomba msimtukane kaka yangu. Nikiingia nyumbani nikatoa salamu, ni yeye peke yake anayeniitikia.