Zamu za Muuza Maziwa

Muuza maziwa huwapikia chai walioketi kando ya barabara ya Ngorongoro kupinga zahanati yao kufungwa. Kabla ya kumpa mtu kikombe, humwinua kidevu kwa vidole vinavyonuka moshi na kumtazama macho. Yakiwa mekundu, humrudisha nyumbani akalale, kisha akachunge ng'ombe wa yule atakayeshika nafasi yake. Leo Loserian, kijana machachari, aligoma. "Yeyo, mama yangu, siondoki mpaka watusikie!"

"Utaondoka, mwanangu. Hasira yako tutaihitaji hata mwezi ujao." Akamvuta shuka, akamsimamisha.

Alasiri ofisa mmoja alishusha kioo cha gari. "Nyie hamchoki tu?"

"Tunachoka sana," muuza maziwa alimjibu, huku akimmiminia chai. "Waliochoka wamelala. Hawa ndio kwanza wameamka."