Kiti cha Kola

"Kola kafukuzwa kiwandani," alisema jirani wa chumba cha kona, huku akikamua shati kama anayenyonga kuku. "Kajipeleka mwenyewe stoo kwa msimamizi. Alipokataliwa, akamrukia na mkasi! Lisemwalo lipo, shoga."

"Nani kayaona hayo?" aliuliza mama kijana aliyekuwa akifua nepi upande wa pili wa bomba. Majirani walimwita Mama Kichanga.

"Lo! Wewe na kichanga chako mtajua nini? Mume wake mwenyewe kahamia kwa kaka yake. Mwanamume haondoki bure."

Mama Kichanga akainamia beseni. Asubuhi ile alikuwa ameitwa kazi kwenye kiwanda hichohicho cha kushona nguo. Aende Jumatatu, kuna kiti kimepatikana. Tangu hapo alikuwa akifua huku anaimba. Sasa aliukatiza wimbo, maana alijua kiti kile ni cha nani.

Jina la Kola lilitokana na kazi yake. Alishona kola za sare za shule, na kola aliyoishona yeye ilifuliwa mpaka shati likachakaa, yenyewe bado imekaa shingoni kwa adabu. Mama Kichanga alipojifungua, Kola ndiye aliyemletea maji ya kuoga, bila kuitwa na bila kumsimulia mtu.

Mchana Mama Kichanga akambeba mtoto akaenda kubisha hodi.

Kola alikuwa amekaa kitandani, blauzi mapajani, sindano mkononi. Kifungo cha juu kilikuwa kimeng'oka na kipande cha kitambaa. Alipiga mishono miwili, akaifumua. Akapiga tena, akafumua.

"Karibu, mdogo wangu. Umeshasikia ya bombani?"

"Nimesikia, dada. Nimekuja nikusikie wewe."

Kola hakulia. Alisema taratibu, kama anayetunga uzi kwenye sindano.

"Stoo iko mwisho wa ukumbi. Mashine zikinguruma, hata jina lako hulisikii. Msimamizi analijua hilo. Anakuita ukachague nyuzi, anafunga mlango, halafu mikono yake ndiyo inayochagua. Basi tukakubaliana sisi wanawake. Mmoja akiitwa, wote tunazima mashine. Kimya kikiingia mle stoo, yeye mwenyewe hukohoa akafungua mlango, kama paka aliyekutwa jikoni."

"Na siku ile?"

"Siku ile kulikuwa na kazi ya haraka. Alishatangaza asubuhi, mashine itakayosimama, mwenye nayo asirudi kesho. Kisha akaniita mimi." Sindano ikasimama. "Nikawa nasubiri kimya. Nasukuma mikono yake, nasubiri kimya. Nikapiga mlango ngumi. Nasikia mashine tu, mdogo wangu, kama mvua kwenye bati."

"Hakuna hata mmoja aliyezima?"

"Mmoja. Yule bibi anayeshona vifungo. Lakini mashine moja ikinyamaza kati ya zote zile, nani atajua?"

Mkasi mdogo wa Kola wa kukatia nyuzi ulikuwa shingoni, kwenye kamba, kama siku zote. Ndio uliomkata msimamizi kiganja na kumfungulia yeye mlango. Alipotoka, wenzake walikuwa wameinamia vitambaa. Hakuna aliyeinua uso. Msimamizi akaonyesha damu yake, akasema yake, na damu ikaaminiwa kuliko kifungo.

"Mume wangu aliniuliza swali moja tu," Kola alisema. "Kwa nini nilikwenda nilipoitwa."

Mtoto akaanza kulialia. Mama Kichanga alimpakata, akashindwa kumtazama mwenyeji wake.

"Dada, kile kiti chako... wamenipa mimi. Niende Jumatatu. Sikujua, wallahi."

Kola akaweka blauzi kando, akanyoosha mikono, akampokea mtoto, akampangusa mate kwa kidole.

"Utaenda?"

"Maziwa yananikauka. Baba yake hajapata kibarua. Ukiniambia nisiende, siendi."

"Nikukataze, halafu huyu nimlishe nini? Maneno?" Akatabasamu kidogo, na tabasamu lile ndilo lililomtoa machozi. Kola alilia bila sauti, shavu lake juu ya kichwa cha mtoto, na mtoto akatulia kana kwamba anabembelezwa yeye.

Baadaye akamrudisha kwa mama yake.

"Nenda. Ila nina ombi. Mwenzako akiitwa stoo, zima. Hata ukitishwa. Hata ukiwa peke yako na yule bibi, zima. Yeye atakutazama, nawe mtazame. Wenzenu wakiona mko wawili, huenda na wa tatu akapata moyo."

"Nitainua mguu, dada."

"Usiinue mguu tu." Kola akamshika mkono. "Pedali ya mashine yangu inang'ang'ania. Ukiinua mguu inaendelea kushona yenyewe. Kuna swichi chini ya meza, upande wa kushoto. Ipapase siku ya kwanza, mkono uizoee. Nakuomba, mdogo wangu. Zima kwenye swichi."